Krismasi Hii Napanda Kilimanjaro ya Kivukoni

Sisi Wachaga Desemba hatuulizwi tunaenda wapi. Ni Moshi, basi. Mwaka huu nimewaambia nyumbani nakwenda Kilimanjaro kweli, ila ile hoteli ya Kivukoni, Dar. Mama alinyamaza kwenye simu, kisha akauliza, "Na mbuzi wako atachinjwa na nani?"

Krismasi inaangukia Ijumaa, kwa hiyo nina siku tatu bila kumwomba bosi ruhusa. Hela nimedunduliza kwenye kikoba tangu Machi. Nimeomba chumba kinachotazama bandari, maana nataka kuamka, chai mkononi, niangalie pantoni ikivuka kwenda Kigamboni, watu wamesongamana kama njiti za kiberiti, na mimi nimevaa joho la hoteli. (Kila Jumatatu mimi mwenyewe huwa miongoni mwa hizo njiti.)

Mkesha nitasali Azania Front, lile kanisa la Wajerumani lenye mapaa ya vigae vyekundu. Ni karibu, nitatembea, viatu virefu nimebeba mkononi. Jumamosi masaji na kulala.

Mbuzi nimeshamtumia Mama hela. Kinachonitesa ni gauni: bado liko Kariakoo, na fundi anasema "kesho, dada" tangu wiki iliyopita.