Siku moja maishani mwangu: kuifungia pikapu breki za upepo, Nakuru

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Nikishafungua lango la gereji, jambo la kwanza ni koki iliyo chini ya tangi la kompresa yetu. Naifungua taratibu, yanatoka maji ya rangi ya chai yaliyochanganyika na mafuta, halafu upepo mkavu. Nakuru iko juu, kama mita 1,850, na usiku ni baridi. Hewa iliyobanwa jana ikipoa inaacha maji yake ndani ya tangi. Kwenye lori maji hayo hayo huozesha vali kwa kutu, na yakibeba uchafu hadi kwenye tundu dogo la vali unapata breki inayoshika upande mmoja tu.

Pikapu ya leo imelala ndani, boneti wazi. Ni Land Cruiser ya injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita, lita 4.2. Mwenyewe anachimba visima, kuanzia Mogotio hadi kule chini Muhoroni na Ahero. Majuzi alinunua trela kuukuu ya kubebea mabomba na vifaa, trela ya ekseli moja iliyokuwa ikivutwa na lori, na breki zake ni za upepo.

Saa moja na robo

Mwenye pikapu amefika na dereva wake. Ameniambia tena alichoniambia siku ya kwanza: "Fundi, gurudumu la kulia liko sawa, linazunguka vizuri kabisa. Shida ni la kushoto, limekwama."

Nimempeleka akainama na tochi. Nyuma ya kila gurudumu la trela kuna chemba mbili zilizounganishwa. Ya mbele ni ya kukanyaga. Ya nyuma ina springi nene, na kazi ya springi hiyo ni kushika breki. Upepo ukiingia unaisukuma irudi, gurudumu linaachiwa. Upepo ukiisha, springi inatanuka na kushika. Kwa hiyo trela isiyo na upepo haitakiwi kwenda popote. Gurudumu la kushoto lilikuwa zima. La kulia ndilo gonjwa, kwa sababu mtu alipitisha bolti ndefu nyuma ya chemba, akaikaza nati mpaka springi ikafungwa ndani. Bolti hiyo ni ya kukokotea gari lililoharibika barabarani, halafu inatolewa. Huyu aliiacha, akaipaka rangi juu.

Mambo haya yananiumiza sana. Mpira wa ndani wa chemba ukipasuka upepo unavuja, springi inashika, gari halitoki. Badala ya kununua chemba, mtu anaifunga springi na kuendelea na safari. Gari linatembea, mteja anafurahi, na hakuna anayejua kwamba siku paipu itakapokatika mteremkoni hakuna kitu cha kulishika.

Tulishakubaliana juu ya chemba mpya. Kijana ninayemfundisha alinyoosha spana kwenye ile ya zamani, na hapo nilimsimamisha kwa sauti kubwa kuliko nilivyozoea. Chemba ya springi haifunguliwi ule mkanda wake wa katikati. Springi ikiruka inaua mtu. Unatoa chemba nzima ikiwa imefungwa bolti, na haiendi kwa watu wa chuma chakavu hivyo ilivyo, kwa sababu wao wataikata kwa moto bila kujua kilichomo.

Saa mbili na nusu

Mwenye pikapu aliuliza swali ambalo wengi huuliza: kwa nini tusiivue pikapu breki zake za mafuta tuiwekee za upepo magurudumu yote, kama lori?

Kwanza haziingii. Kamu, chemba na dramu za lori hazina nafasi kwenye ekseli na rimu ya pikapu. Pili, upepo huchelewa. Ukikanyaga, hewa inabidi isafiri kwenye paipu na kujaza chemba, na kwa gari dogo linalotembea katikati ya bodaboda, ule ucheleweshaji wa karibu nusu sekunde si kitu cha kutafuta. Pikapu yenyewe inasimama vizuri kwa mafuta. Kinachohitaji upepo ni trela. Kwa hiyo mfumo wetu ni huu: pikapu ibaki na breki zake, injini ipewe kompresa, chesisi ibebe matangi, na trela ishike kila pikapu inaposhika.

Kuna faida nyingine ambayo watu wa nyanda za juu hawaambiwi. Busta ya breki ya pikapu, kile kifaa kinachosaidia mguu kwenye pedali, hufanya kazi kwa kutegemea uzito wa hewa ya nje ikisukumana na utupu ndani, na injini ya dizeli utupu huo inaupata kwa pampu iliyo nyuma ya oltaneta. Kadiri unavyopanda kwenda Mau Summit hewa ya nje inapungua uzito, na msaada wa busta unapungua nayo. Upepo uliokwisha kubanwa ndani ya tangi haujali uko mlima gani. Kompresa itachukua muda zaidi kulijaza, basi.

Braketi ya kompresa ilichomelewa juzi. Pikapu hii haina AC, na pale ambapo mashine ya AC ingekaa ndipo tulipoiweka kompresa ya silinda moja, ikizungushwa kwa mkanda. Asubuhi yote imeishia kwenye mambo matatu. Mafuta ya kuilainisha tumeyachukua kwenye tundu la swichi ya presha ya oili, kwa kiungo cha njia tatu, na yanarudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwa kuteremka yenyewe, kwa hiyo paipu ya kurudi ni nene na haina mahali inapopanda. Hewa ya kuvuta inatoka nyuma ya filta ya injini, maana vumbi la Mogotio likiingia kwenye pistoni hiyo litaimaliza. Na paipu ya kutoka kwenye kompresa ni ya chuma, imeteremka mpaka tangi la kwanza. Hewa ikibanwa inapata moto. Nimeona watu wakifunga paipu ya nailoni hapo, inalainika kama mshumaa.

Matangi ni mawili chini ya kitanda cha pikapu, yameshikwa kwa mikanda ya chuma na bolti. Tangi la upepo halichomelewi, hata kidogo. Kati yao kuna vali ya njia moja, ili la kwanza likivuja la pili libaki na akiba yake.

Saa nne

Chai na mandazi. Kabla sijamaliza kikombe, dereva wa matatu amesimama langoni: pedali inazama. Mafuta yake ya breki yalikuwa meusi. Mafuta hayo hunyonya unyevu hata kopo likiwa limefungwa vibaya tu. DOT 3, aina ya mafuta ya breki, ikiwa mpya huchemka nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishajaa maji kiwango chake kinashuka hadi 140. Dramu ikipata moto mteremkoni, mafuta yanachemka, mvuke unabanika kwa urahisi, na mguu unafika chini bila kitu. Tumemwaga, tumejaza mapya, tumetoa hewa gurudumu kwa gurudumu. Amelipa, ameondoka.

Saa tano

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda na ninayoiogopa. Trela inajuaje kwamba dereva amekanyaga? Tumefunga vali inayosikiliza presha ya mafuta ya breki ya pikapu. Ukikanyaga kidogo, inaruhusu upepo kidogo kwenda trela. Ukikanyaga sana, unakwenda mwingi. Vali za aina hii hutumika kwenye malori ya Unimog na kwenye matrekta mengi yanayovuta trela za upepo.

Ugumu wake ni kwamba unaikata paipu ya breki ya gari lililo zima. Kiungo kikivuja hapo umeharibu breki za pikapu ili kupata za trela. Nimechukua kwenye mzunguko wa nyuma, ule wa mbele sikuugusa. Mdomo wa paipu nimeutanua kwa kifaa chake, nikaukagua kwa kidole na kwa tochi, nikautupa, nikatengeneza mwingine. Kijana aliuliza kwa nini, ule wa kwanza ulionekana mzuri. Nilimwonyesha upande mmoja mwembamba kidogo kuliko mwingine. Kisha nikamwambia akae ndani akanyage pedali kwa nguvu zote na ashikilie, mimi nikiwa chini na karatasi kavu kila kiungo. Karatasi ilibaki kavu.

Ndani ya kebini tumeweka vitu vitatu: geji, kitufe chekundu cha kufungua upepo wa trela, na mkono mdogo wa kushika breki za trela peke yake. Buza italia presha ikishuka chini ya 60 psi, yaani pauni 60 kwa kila inchi ya mraba.

Saa saba

Chapati na madondo kwa mama wa kibanda. Dereva wa pikapu amekaa nami, na tumezungumza habari za barabara. Yeye anaifahamu ile ya kutoka Mau Summit hadi Salgaa, na ya Londiani pia, pale ambapo lori liliacha njia tarehe 30 Juni 2023 na kuua watu zaidi ya 50 waliokuwa kando ya barabara. Nimemwomba kitu kimoja: asiteremke gia ikiwa huru eti anaokoa dizeli. Breki za upepo hazina mafuta ya kuchemka, lakini dramu ikipata moto inapanuka na kukimbia viatu vya breki, na chemba ina mwendo wake wa mwisho. Ukifika huko, kanyaga utakavyo, breki haishiki. Kazi ya mteremko ni ya injini, gia ndogo kabla hujaanza kushuka.

Saa nane

Tumewasha. Sindano imekaa kimya, halafu ikaanza kupanda. Kwenye 120 psi gavana, kifaa cha kuchunga presha, imekata, kompresa ikapumzika, na sauti ya injini ikabadilika kidogo. Tumekanyaga na kuachia mpaka sindano ikashuka karibu na 100, kompresa ikarudi kazini.

Sabuni ya unga kwenye maji, brashi, kiungo baada ya kiungo. Kimoja kilitoa povu, kwenye tangi la pili. Tumeachia upepo wote kwanza, tukakifungua, tukaweka tepu upya.

Saa tisa

Trela imeunganishwa. Paipu nyekundu ni ya upepo wa kudumu, ya manjano ni ya amri ya pedali. Mwenye pikapu amebonyeza kitufe mwenyewe. Hewa imepita, chemba zikapumua, na lile gurudumu la kushoto alilodhani limekufa likaachia. Alicheka, akampigia mtu simu papo hapo.

Chemba ya namba 30 ina eneo la inchi 30 za mraba. Kwa 100 psi inasukuma kwa nguvu ya karibu kilo 1,360, gurudumu moja tu. Nguvu hiyo inapotea ikiwa fimbo ya chemba inasafiri mbali mno. Nimeweka alama ya chaki kwenye fimbo, kijana akakanyaga, nikapima. Kwa chemba ya kawaida ya namba 30 fimbo ikizidi inchi 2 breki haifai. Tumekaza slaki zote mbili, zile mikono ya kurekebisha mwendo wa fimbo, mpaka pande zikalingana.

Injini imezimwa, tumeangalia saa. Gari na trela pamoja havitakiwi kupoteza zaidi ya 3 psi kwa dakika mguu ukiwa nje, na 4 ukiwa umekanyaga. Hatukufika 2.

Halafu nimefanya jaribio ambalo ndilo sababu ya kazi yote. Tukiwa uwanjani, trela imeunganishwa, nimechomoa paipu nyekundu. Upepo ulitoka kwa mlio mkali, dereva akaruka nyuma, na magurudumu yote mawili yakashika kwa pamoja. Gia ya kwanza, pikapu ikanguruma, trela haikusogea. George Westinghouse wa Marekani alipata hataza yake ya kwanza ya breki za upepo za treni mwaka 1869, lakini katika mfumo ule paipu ikikatika breki zilipotea. Mwaka 1872 aliugeuza: upepo ukipotea, behewa linashika. Watu wengi wako hai kwa sababu ya mgeuzo huo, na anayefunga springi kwa bolti anaurudisha ulimwengu nyuma ya mwaka ule.

Saa kumi

Njia ya kupanda Menengai, trela ikiwa na mabomba nusu. Kwenye kushuka nimetaka dereva atumie mkono wa trela peke yake kwanza, kisha pedali. Mara ya kwanza trela ilivuta pikapu nyuma mapema mno. Tumesimama kando, nimerekebisha vali, tumerudia. Safari hii vyote viwili vimesimama pamoja, bila kusukumana. Mvua imetukuta tukirudi.

Saa kumi na moja na nusu

Nimemwandikia dereva kwenye karatasi: mwaga maji ya matangi kila asubuhi, subiri sindano ipite 100 kabla ya kutoka, chomoa paipu nyekundu mara moja kwa wiki uone kama trela inashika, uzito wote wa trela usizidi kilo 3,500, maana hapo ndipo mwisho wa pikapu hii, upepo au bila upepo. Mwenyewe anataka kwenda Ahero kesho alfajiri. Nimemkatalia. Gari linalala hapa na matangi yakiwa yamejaa, asubuhi tutasoma geji pamoja, kisha aipeleke kwa ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla ya kupakia bomba lolote. Amenung'unika kidogo, akaniachia funguo.