Jinsi nilivyovusha achari ya mama kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege

Mara mbili maafisa wa ukaguzi walinizuilia chupa ya achari ya embe aliyonifungia mama, na mara ya pili niliitazama ikitupwa pipani, mafuta ya manjano yakichuruzika kwenye kifuniko, nikaumia sana. Nilidhani kanuni ya mililita 100, ambayo katika viwanja vingi hukataza kupita na chombo cha majimaji kinachozidi ujazo huo kwenye begi la mkononi, na iliyoanza mwaka 2006 baada ya njama ya mabomu ya majimaji kugunduliwa Uingereza, inahusu vinywaji tu. Kumbe inagusa pia vitu vya rojorojo kama achari, na kinachoangaliwa ni ujazo wa chombo, si kilichobaki ndani yake. Safari iliyofuata niliikaza chupa kifuniko, nikaizungushia kanga mbili katikati ya begi kubwa la kukabidhi kaunta. Ilifika nzima, na kanga hazikupata hata doa.