Tiki

Alfajiri ya Jumanne jirani yangu alikuwa anapiga stata, gari haliwaki. Ukuta wetu ni mmoja, kwa hiyo namsikia kila kitu. Akamwambia mwanawe aingie chini, aguse pale kwenye pampu. "Nikifungua swichi, uniambie kama inagonga." Haikupita hata sekunde, mtoto akajibu: "Inagonga, baba!"

Haraka mno. Usingizi ukaniruka palepale.

Njombe, Julai 2009. Nilikuwa utingo wa lori. Tulikuwa tumepakia viazi, magunia ya lumbesa yaliyoshonewa kofia juu, na mama mwenye mzigo alikuwa tayari kebini amejifunga mablanketi mawili. Suka, yaani dereva wetu, alitaka tutoke saa kumi usiku ili jioni ile tuingie Dar. Wasiopajua Njombe mwezi wa Julai siwezi kuwasaidia. Ile baridi haielezeki kwa mtu wa Temeke. Stata ikazunguka vizuri, injini kimya. Wala moshi haukutoka. Injini ya dizeli inayopata mafuta ikakataa kuwaka hutema walau moshi mweupe nyuma. Ile yetu ilikuwa kavu kabisa.

Pampu ya gari lile ilikuwa na solenoidi, kidude cha unene wa kidole gumba chenye waya mmoja tu. Suka alikiita koki ya umeme. Ukifungua swichi, umeme unavuta pini ndani na dizeli inapita. Ukizima, springi inairudisha pini na injini inakufa. Pini isipovutwa, utapiga stata mpaka betri zilale na nozeli, zile zinazorusha dizeli ndani ya injini, hazitaona tone. Ikivutwa inatoa mlio mdogo, tiki, ambao usiku penye watu hausikiki ila kwa vidole.

"Dogo, ingia chini, shika ile koki. Nikifungua swichi itagonga."

Nikajipenyeza nyuma ya tairi la mbele. Chini palikuwa na tope, na lile tope lilikuwa limeganda juu kama ukoko wa ugali. Tochi nimeing'ata kwa meno. Nikapeleka mkono juu, nikapapasa chuma, nikaipata koki kwa kukisia, maana vidole vilikuwa havinipi habari yoyote. Ningeweza kushika kaa la moto nisijue. Suka akafungua swichi. Nikaona ule mwanga mwekundu wa dashibodi ukianguka kwenye nyasi. Nikangoja. Akazima, akafungua tena. Nilikuwa nasikia moyo wangu, nasikia mama kule juu anakohoa, nasikia mbwa wa mbali. Kwenye vidole, sifuri.

"Imegonga?"

Ningesema sijui, angeniambia nishike tena vizuri. Ningesema haijagonga, pengine angeshuka mwenyewe, agundue kuwa nina mikono miwili ya mti. Nilikuwa na wiki ya tatu kazini.

"Imegonga, suka!"

Yaliyofuata nayapitisha mbio. Kwa kuwa koki "imegonga", lawama ikahamia kwenye upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta. Fundi akaja, akalaza kichwa cha gari, ile kebini yenyewe, akapampu kwa mkono, akalegeza nati za nozeli, akatoa upepo ambao nadhani haukuwepo. Hata hivyo yeye naye aligusa waya wa koki kwa taa ya testa, na taa ikawaka. "Umeme upo, na dogo kasikia." Kichwa kikarudishwa, gari likawaka! Tukalizima ili tule. Tuliporudi limegoma tena. Siku ya pili pampu ikafunguliwa, ikapelekwa Iringa kupimwa, ikarudi nzima kama ilivyoenda, na bili yake. Mama akaishia kuhamishia viazi vyake kwenye gari lingine, na maneno aliyotuachia nayahifadhi.

Siku ya tatu akaja kijana wa umeme, mpole, ana mita mfukoni. "Kamwene," akatusalimu, tukaitikia. Akachomoa waya kwenye koki, akapima: volti 24, safi. Akauchomeka, akapima huku swichi imefunguliwa: 11. Akacheka. Taa ya testa hula umeme kiduchu, ndiyo maana iliwaka; koki inataka zaidi, na ule waya haukuwa na cha kuipa. Akaufuata kwa vidole mpaka penye bawaba za kichwa. Pale ulikuwa umesuguliwa hadi zimebaki nyuzi chache, kijani kwa kutu. Kila kichwa kikilazwa na kurudishwa, nyuzi zilisogea. Zikibahatika kugusana, gari linawaka, na sifa anapata fundi.

Akavuta waya mpya. Suka akafungua swichi.

Tiki. Niliisikia nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka pale.

Tajiri mwenye gari alimkata suka nusu ya gharama ya pampu kwenye posho za safari tatu. Mimi hakunikata kitu. Utingo ukimkata unakata nini? Nilinunua maandazi siku ile, nikamletea suka manne, akashangaa.

Miaka mingi baadaye tulikutana Mbezi stendi, amestaafu, anasubiri basi la Songea. Tukacheka ya zamani, mizani, trafiki, yule mama wa viazi. Kisha akanishika mkono wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akautazama kama anayenunua samaki.

"Siku ile Njombe palikuwa na baridi, eh dogo?"

"Sana, suka," nikasema. Basi lake likaitwa.