Sangara mmoja juu ya ubao

Asubuhi moja, katika mwalo wa Kirumba hapa Mwanza, nilimlaza sangara juu ya ubao wenye alama za sentimita, nikampiga video ya dakika moja na kuituma katika kundi la WhatsApp la wavuvi. Mkia wake uliishia kwenye 48. Nilieleza kwamba kanuni hukataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, kwa kuwa wengi wa ukubwa huo hawajazaa hata mara moja.

Kabla ya jua kupanda, mzee mmoja alinijibu kwa ujumbe wa sauti: “Mwanangu, huyo ni jike au dume?”

Swali hilo lilinifurahisha kuliko sifa zote, kwani ndilo kiini cha sayansi yenyewe: majike huchelewa kukomaa kuliko madume, hivyo jike anayevuliwa mapema hupotea pamoja na mayai ambayo, akikua, yangefikia mamilioni. Video yangu haikuligusa kabisa, nami nikarekodi nyingine jioni hiyohiyo, safari hii nikionyesha mfuko wa mayai.

Naamini lugha ya ripoti haitoshi. Ninapoeleza jinsi sangara, aliyeletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, alivyochangia kutoweka kwa aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, huanza na picha ya furu kiganjani, kisha huwaachia wazee nafasi ya kutaja majina waliyowaita. Majina hayo ninayaandika daftarini, pamoja na sehemu za ziwa walikowavua.