Barua ya kuacha kazi ambayo sikuituma

Siku ile kikaoni mwenzangu alisimama akawasilisha ripoti niliyoihangaikia mimi karibu miezi mitatu, na jina langu hakulitaja hata mara moja. Mkuu wetu akampongeza. Masikio yaliwaka, mikono ikatetemeka, na kichwani nilikuwa na neno moja tu: naacha kazi leo, na kabla sijatoka kila mtu atanisikia.

Najijua. Miaka ya nyuma niliwahi kuacha kazi hivyo hivyo, kwa maneno makali mbele ya watu. Raha yake haikufika hata jioni. Nikakaa bila kazi miezi kama minane, na kila nilikoomba nafasi walitaka kwanza kumsikia mwajiri wangu wa zamani. Niliapa sitarudia.

Lakini ushauri watu wanaotoa! "Hesabu hadi kumi." Nilihesabu, nikafika kumi moyo ukiwa bado unadunda, maana adrenalini, ile homoni ya mwili inayokwenda mbio ukikasirika au kuogopa, ikishaingia kwenye damu haiondoki kwa sekunde kumi. Rafiki yangu akaniambia nipige mto, nitoe yote ya moyoni. Huo ndio unaoniudhi mpaka leo. Nilijifungia chumbani, nikaupiga mto huku naiona sura ya yule mwenzangu. Ngumi za kwanza zilinipa nafuu. Zilizofuata zikanikumbusha mambo mengine aliyowahi kunitendea, na nilipochoka nilikuwa na makosa yake matano badala ya moja, na simu mkononi natafuta namba ya mkuu. Baadaye nilisoma kwamba mwanasaikolojia Brad Bushman alilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2002: waliopiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira kuliko walioketi kimya bila kufanya lolote. Laiti ningejua mapema.

Kilichoniokoa ni karatasi. Nilikumbuka kwamba Julai 1863, baada ya mapigano ya Gettysburg katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Rais Abraham Lincoln alimwandikia Jenerali Meade, kamanda wa jeshi lake, barua ya kumlaumu kwa kuliacha jeshi la adui litoroke, kisha hakuitia sahihi wala hakuituma. Nami nikaandika yangu, kwa kalamu (kwenye simu usithubutu, kidole kitateleza). Kurasa mbili, bila kujizuia. Chini yake nikajiuliza: kesho nikiamka itakuwaje? Baada ya mwezi, kodi ya nyumba nitalipa kwa pesa gani? Baada ya mwaka, nani atakumbuka kwamba ripoti ilikuwa yangu? Hilo la tatu ndilo lililonizindua. Nikiondoka kwa kelele, watakumbuka kelele, na ripoti itabaki kuwa yake.

Simu nikampa dada yangu alale nayo. Asubuhi nikaisoma barua kwa sauti, kana kwamba mimi ndiye mkuu niliyeandikiwa, nikikata kila mstari ambao ungenifanya nijitetee badala ya kusikiliza. Zikabaki sentensi tatu: ripoti niliiandika mimi, rasimu zote ninazo pamoja na tarehe zake, naomba tuzungumze. Hizo ndizo nilizotuma.

Wiki iliyofuata jina langu liliwekwa kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti. Kazi bado ninayo, na zile kurasa mbili zipo kwenye droo.