Kabla ya Risasi Kulikuwa na Saa Nzima

Askari anapompiga mtu risasi na kumuua, mjadala huanza karibu kila mara kwa swali moja: marehemu alikuwa mtu wa namna gani? Wapo watakaosema alikuwa jambazi sugu, wapo watakaosema alikuwa kijana mpole asiyejua hata kugombana, na pande zote mbili huamini kwamba jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama askari alitenda sawasawa. Mimi pia nilijadiliana hivyo kwa miaka mingi, hasa na mjomba wangu, ambaye alitumikia polisi hadi kustaafu na ambaye huumia anapoona askari wakihukumiwa na watu ambao hawajawahi kusimama gizani na bunduki mkononi. Siku hizi naona tulikuwa tunabishania jambo lisilohusika. Kuamua nani anastahili adhabu gani ni kazi ya mahakama, na hata mtu mbaya kupindukia, akiwa amelala usingizi au ameinua mikono juu, hawezi kupigwa risasi kwa sababu ya ubaya wake.

Kinachoulizwa ni kama palikuwa na uhai wa kuokolewa na kama hapakuwa na njia nyingine ya kuuokoa. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, zilizopitishwa mjini Havana mwaka 1990, zinaruhusu askari atumie silaha ya moto dhidi ya mtu pale tu panapokuwa na tishio la kifo au la jeraha baya, na tena pale tu ambapo njia nyepesi zaidi hazitoshi. Kufyatua kwa kusudi la kuua kumewekewa mpaka mwembamba zaidi, yaani pale ambapo haiepukiki kabisa ili kulinda uhai. Mali haimo katika kanuni hiyo, wala kukaidi amri ya kusimama.

Kukimbia, hasa, ndiko kunakotuchanganya. Mwaka 1974 huko Memphis, Marekani, polisi mmoja alimpiga risasi kijana wa miaka 15 aliyekuwa akipanda uzio ili atoroke baada ya kuvunja nyumba usiku. Askari mwenyewe alikiri kwamba alikuwa na uhakika wa kutosha kuwa kijana hana silaha. Alifyatua ili asimponyoke, na sheria ya jimbo lile ilimruhusu. Kesi hiyo, Tennessee dhidi ya Garner, ilifika Mahakama ya Juu, nayo mwaka 1985 ikasema kwamba kumuua mtuhumiwa asiye hatari ili asitoroke ni kinyume cha katiba. Hoja iliyonigusa zaidi ni ya kihistoria. Ruhusa ya kumuua mhalifu anayekimbia ilitokana na Uingereza ya zamani, wakati ambapo karibu kila kosa kubwa liliadhibiwa kwa kifo, kwa hiyo aliyeuawa njiani alionekana kama mtu aliyetangulizwa tu kwenye hukumu yake. Makosa mengi yaliacha kuadhibiwa kwa kifo, lakini ruhusa ya kuua njiani ikaendelea kuishi. Ninaposoma taarifa isemayo kwamba mtu "alijaribu kutoroka" na sababu ikaishia hapo, naona kwamba bado haijasema kitu.

Mjomba hapingi hayo. Hoja yake ni nyingine, na sikubali kuipuuza: askari huamua kwa kufumba na kufumbua, kisha sisi tukakaa miezi kadhaa na picha za kamera tukimkosoa. Mahakama ile ile ya Marekani ilikubali hoja hiyo mwaka 1989 katika kesi ya Graham dhidi ya Connor, iliposema kwamba kitendo kipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwa pale pale, bila hekima inayokuja baada ya tukio. Nakubaliana nayo. Anayeona kitu cheusi mkononi mwa mtu aliyemgeukia ghafla hana nafasi ya kukichunguza, na kumdai uhakika ambao hakuna binadamu angeupata ni kumwonea.

Lakini kufumba na kufumbua huko kulifikiwaje? Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa maana mijadala yetu mingi hupita mahali hapa mbio.

Mnamo Machi 1988, wanajeshi wa Uingereza waliwaua kwa risasi watu watatu wa IRA, kundi lenye silaha lililopigana kuuondoa utawala wa Uingereza huko Ireland Kaskazini. Waliuawa Gibraltar, eneo la Uingereza linalopakana na Hispania. Walikuwa wameelezwa kwamba watatu hao wameegesha gari lenye bomu na kwamba wanaweza kulilipua kwa kubonyeza kitufe. Baadaye ilionekana kwamba hawakuwa na silaha wala kitufe, na gari lile halikuwa na bomu. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilitoa hukumu mwaka 1995, na namna ilivyoigawanya lawama inafaa kusomwa na kila anayependa mabishano haya. Wanajeshi waliofyatua waliamini kwa dhati walichoambiwa, kwa hiyo mahakama haikuwatia hatiani kwa kitendo chao. Hata hivyo, kwa kura 10 dhidi ya 9, ilisema haki ya kuishi ilikiukwa, kwa sababu ya waliopanga operesheni. Watuhumiwa hawakuzuiwa mpakani, na dhana za wapelelezi zilifikishwa kwa wanajeshi kama mambo ya hakika, bila kuachiwa nafasi ya kwamba huenda zilikosewa.

Miaka 17 baada ya Gibraltar, Julai 2005, polisi wa London walimuua ndani ya treni, katika kituo cha Stockwell, fundi umeme kutoka Brazili waliyemdhania kuwa mmoja wa watu waliojaribu kulipua mabomu siku iliyotangulia. Alikuwa amefuatiliwa tangu alipotoka nyumbani. Aliachwa apande basi, kisha ateremke stesheni, huku wakubwa wakiwa hawajaamua ni nani. Hakuna askari hata mmoja aliyeshtakiwa kwa kifo hicho. Mwaka 2007 jeshi lenyewe la polisi lilitiwa hatiani chini ya sheria ya afya na usalama kazini, kwa kuwa operesheni ile ilihatarisha raia. Wengi waliona aibu kwamba kifo cha mtu kimeishia kwenye sheria ya namna hiyo, nami niliona hivyo. Lakini angalau ilikuwa sheria iliyoangalia asubuhi yote.

Hata Marekani, Mei 2025, katika kesi ya Barnes dhidi ya Felix, Mahakama ya Juu ilikataa kwa kauli moja mtindo wa baadhi ya mahakama za chini wa kuangalia sekunde ya tishio peke yake. Askari alirukia ukingo wa mlango wa gari lililoanza kuondoka, na ndani ya sekunde mbili hivi akamfyatulia dereva. Je, askari aliyejiingiza mwenyewe katika hatari anaweza kuitumia hatari hiyo kujitetea? Majaji waliliacha swali hilo bila kulijibu. Mimi ningejibu kwamba mara nyingi hawezi.

Yanayofuata baada ya risasi nayo huonyesha mengi. Kanuni za Havana zinataka majeruhi apewe huduma ya tiba mapema iwezekanavyo, na ndugu zake wapewe taarifa. Pale aliyepigwa anapoachwa chini akivuja damu, na waliokuwa kwenye tukio wanapokaa pamoja kuandika maelezo yao kabla mchunguzi wa nje hajafika, dai la kwamba lengo lilikuwa kulinda uhai linadhoofika machoni pangu.

Nilipomsimulia Mjomba habari ya Gibraltar, alinyamaza kwa muda. Kisha akasema kwamba wao walikuwa wakipewa jina na mahali pa kwenda, na hakumbuki hata usiku mmoja ambapo mkubwa aliwaambia kuwa jina hilo huenda si la mtu watakayemkuta. Tangu siku hiyo tunabishana kwa namna nyingine. Yeye anaona kwamba aliyetoa jina akishaulizwa, aliyefyatua kwa kuamini aachwe. Mimi naona wote wawili waulizwe, na kwamba aliyefyatua aeleze alichokiona kwa macho yake mwenyewe, mbali na alichoambiwa.