Bikoni zimetoka ziwani, zikabaki mita saba

Bikoni (alama za mipaka) za viwanja vya Ujiji na Kibirizi, Kigoma, sasa zimekaa mahali pake kwenye QGIS, programu ya ramani. Kosa kubwa halikusumbua. Koordineti za ramani za zamani za upimaji ziko kwenye Arc 1960, datumu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya zamani ya Afrika Mashariki, na ukizisoma kama WGS 84, datumu ya GPS, kila kitu kinahama karibu mita 300 kwenda kaskazini na mita sabini hivi kwenda magharibi. Magharibi ya Kigoma ni Ziwa Tanganyika, kwa hiyo viwanja vya mstari wa mwisho vinaelea majini na hata asiyejua datumu anaona kuna jambo. Unaitambulisha tabaka kuwa EPSG:21035 badala ya 32735 (EPSG ni orodha ya mifumo ya koordineti; ya kwanza ni ya Arc 1960, ya pili ya WGS 84), viwanja vinarudi nchi kavu. Hapo wengi hufunga kazi.

Kilichogoma ni mita saba. Orodha ileile ya bikoni, tabaka mbili, moja kutoka mradi wa enzi za QGIS 2 na nyingine kutoka faili jipya la CSV, hazilaliani. Zinapishana mita 7 na nusu hivi mashariki-magharibi na karibu mita 3 kaskazini-kusini, kila bikoni, upande uleule. Makosa ya GPS hutawanyika huku na huku. Yanapoelekea upande mmoja yote, si GPS, ni hesabu. Kwenye karatasi ya 1:50,000 mita saba ni milimita 0.14, kalamu inazifunika. Kwenye kiwanja chenye upana wa mita 15, umeshaingia nusu ya kiwanja cha jirani.

Chanzo ni kwamba kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84 kuna njia zaidi ya moja. Ya wastani wa Kenya na Tanzania inahamisha kitovu cha dunia kwa -160, -6, -302 (mita, kwa X, Y, Z). Ya Tanzania peke yake ni -175, -23, -303. Fanya hesabu kwa latitudo na longitudo ya Kigoma utaona: ya pili inaweka bikoni mita 7 zaidi magharibi na mita 3 zaidi kusini kuliko ya kwanza. Ndiyo tofauti yenyewe.

Ili kuelewa kwa nini tabaka mbili zilichagua njia mbili, angalia historia ya PROJ, maktaba inayofanya hesabu za koordineti ndani ya QGIS. Gerald Evenden aliiandika akiwa USGS, shirika la jiolojia la Marekani, kwa ajili ya makadirio ya ramani tu: nyuzi ziwe mita, basi. Mambo ya datumu yaliingia baadaye, enzi ya Frank Warmerdam, aliyeanzisha GDAL (maktaba ya kusoma na kuandika data za ramani) mwaka 1998, na yakaingia kwa njia nyepesi: kila mfumo unabeba namba zake za towgs84 (za kuupeleka WGS 84), seti moja, na kila safari inapitia WGS 84. Kwa Arc 1960 seti hiyo ilikuwa -160, -6, -302. Mwaka 2018 wafadhili walichangishana kazi ikafanywa upya, sehemu kubwa na Even Rouault, na PROJ 6 ya 2019 ikaja na hifadhidata inayojua njia zote, pamoja na eneo na usahihi wa kila moja. Mradi wa zamani ulikuwa na mfumo uliotengenezwa kwa mkono, wenye towgs84 ndani yake. QGIS mpya inauheshimu jinsi ulivyo. CSV ikatambulishwa kwa EPSG, ikapangiwa njia nyingine. Hakuna onyo lolote. Hili linaudhi kuliko programu kuanguka, maana ikianguka angalau unajua.

Dawa ni amri hii inayokuja na PROJ:

projinfo -s EPSG:21035 -t EPSG:32735 --spatial-test intersects -o PROJ

Inakutolea orodha ya njia. Chukua mfuatano wenye +x=-175 +y=-23 +z=-303, uuweke mzima kwenye ogr2ogr (amri ya GDAL ya kubadilisha mafaili) kwa kutumia -ct. Usiuandike kwa kichwa: elipsoidi (umbo la dunia kwenye hesabu) ni Clarke 1880, na kuandika clrk66 badala ya clrk80 kunatosha kukuharibia kila kitu. Ndani ya QGIS, fungua sifa za mradi, sehemu ya Transformations, funga jozi hiyo kwa njia hiyo, kisha ufute mfumo wa mkono kwenye tabaka la zamani. Binafsi naamini zaidi mstari wa amri, kwa sababu unaonyesha kilichotumika. Dirisha la QGIS ni zuri ila linaficha. Na anayeburuza picha ya setilaiti kwenye JOSM (programu ya kuhariri OpenStreetMap) mpaka "ikae" hajatibu chochote, amehamisha ugonjwa kwa watu wengine. (Bikoni hizi haziingii OpenStreetMap, leseni hairuhusu. Ni za kulinganisha tu, na wala hazichukui nafasi ya mpima ardhi.)

Iliyofuata ilikuwa Kasulu. Pale kanda ya UTM (gridi ya mita iliyogawanywa kila nyuzi sita) inabadilika, kwa kuwa mpaka wa 35 na 36 ni nyuzi 30 mashariki. Namba ya mashariki ya Kigoma mjini iko karibu 790,000, ya Kasulu karibu 178,000. Ukiona 178,000 imeandikwa kanda 35, bikoni imehama zaidi ya kilomita 600, hadi ndani ya Kongo.

Lakini Kasulu imesogezwa mbele, maana limekuja wazo la skripti ndogo ya Python ya kupekua miradi ya zamani na kutaja tabaka zenye ugonjwa huu. Faili la mradi la .qgz ni zipu, lifungue kwanza upate .qgs, mradi wenyewe. Kutafuta neno towgs84 peke yake hakufai, kwa sababu .qgs huweza kuandika mfuatano huo hata kwa mifumo ya EPSG, na skripti inapiga kelele kwa kila kitu. Kipimo kinachofanya kazi ni authid (kitambulisho cha mfumo) inayoanza na USER:, yaani mfumo wa mkono. Hiyo inapita. Kinachosumbua sasa ni majina ya mafaili yenye nafasi katikati.